Tamthilia za nje: sauti za Kiswahili, maandishi ya chini au DJ?

Mkaazi wa Vuga
Assalaam alaykum wanabarza. Tamthilia za Kituruki zenye sauti za Kiswahili zimetia fora Azam TV, vijana wanafuata maandishi ya chini mitandaoni, na vibandani DJ, anayeifasiri filamu nzima kwa sauti yake peke yake, bado anatamba. Kwa mtazamaji wa Unguja na Pemba, ipi inafikisha maana bila ya kuiharibu kazi? Nataka hoja za kiufundi.

Fundi Sauti
Waalaykum salaam. Sauti za Kiswahili, lakini kwa sharti: mwenye kazi atoe muziki na vishindo katika mkondo wake peke yake, bila ya mazungumzo. Ukiukosa, kila mhusika akifungua mdomo muziki unakatika, nyayo zinapotea, mlango unafungwa kimya kimya.

Kisha midomo. M, b na p hufumba mdomo, na jicho hulijua hilo. Mturuki akisema "tamam" uso ukiwa karibu, ukamwekea "sawa", mdomo umefumba na sauti iko wazi. "Naam" inakaa, kwa sababu mfumbo wa mwisho unakutana. Urefu nao: "seni seviyorum" ina silabi 6, "nakupenda" 4. Mwigizaji anabaki akitafuna hewa. Andika "nakupenda mno", zinatimia 6, maana m ya "mno" ni silabi kamili.

Mwana wa Wete
Fundi, hayo yanataka studio na watu. Maandishi yanataka kompyuta moja, na sauti ya asili inabaki. Ila Kiswahili kina taabu yake. Kipimo kinachofuatwa na wengi ni herufi 42 kwa mstari, mistari 2, na herufi kama 17 kwa sekunde. "Hawatatusikiliza" peke yake ni herufi 16! Kwa hiyo usitafsiri neno kwa neno. "Hawatusikii" inatosha, picha itamalizia.

Wanaotazama kwa flashi wajue makosa mawili. La kwanza, ng'ombe anageuka "ngâ€™ombe": faili limehifadhiwa kwa mfumo wa herufi wa UTF-8 lakini TV inalisoma kwa mfumo mwengine. Weka ritifaa iliyonyooka (') badala ya ile iliyopinda (’), tatizo litaondoka. La pili, maandishi yanaanza sawa kisha yanaachana na sauti. Hapo usisogeze sekunde. Faili limepangwa kwa picha 25 kwa sekunde na filamu ni ya 23.976, katika filamu ya dakika 100 tafauti hufika kiasi cha dakika 4. Fungua programu ya Subtitle Edit, badilisha kasi ya picha, hifadhi kwa jina lile lile la filamu.

Bint Mkunazini
Mimi nnashika matamshi. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, halafu tunamsikia mfalme wa Kituruki akitubia "zambi" na kulalamikia "gali". Mwongozaji asimamishe kurekodi hapo hapo, neno lirudiwe. Ukishachanganya sauti, kulirudia neno moja ni kazi ya nusu siku. Pia Kituruki kina "sen" kwa mwenzako na "siz" kwa wa kuheshimiwa. Kiswahili hakina jozi hiyo, kwa hiyo adabu ibebwe na "bwana", "bibi", "shikamoo". Ikiachwa, mtumwa anazungumza na sultani kama wako kijiweni.

Lakini kazi zetu zinapotoka nje, nipo na Mwana wa Wete. Filamu ya Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji ilikwenda tamasha la Toronto mwaka 2021 na Kiswahili chake, maandishi ya Kiingereza chini. Lafudhi ndiyo Zanzibar yenyewe, usiifute.

Mkaazi wa Vuga
Na DJ je?

Fundi Sauti
Anafahamisha desturi ngeni papo hapo, na asiyesoma haachwi. Hilo si dogo. Lakini sauti moja kwa watu kumi inaua kilio na ukimya, na ukimya ndio nusu ya tamthilia. Akitaka kuonyesha hadharani, kwanza ruhusa ya mwenye kazi, kisha ya BASSFU, yaani Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni la Zanzibar.

Kwa atakayechagua sauti, ajaribu dakika 2 kabla ya kulipa: kipande chenye uso karibu, mtu analia, na watu watatu wanaokatizana. Watazamaji wachache wasikilize wakiwa wamefumba macho. Wasipojua nani kasema nini, waigizaji wale sauti zao zinakaribiana mno, abadilishwe mmoja.