Kula katika migahawa midogo ya samaki nchini Japani: mtu wa Mwanza ajiandae vipi?

Binti wa Mwaloni, Mwanza

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote, na kwa wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mkazi wa Kirumba, na kwa miaka tisa nimefanya kazi katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa mjini. Mwezi Mei, Mungu akijalia, nitakwenda Yokohama kwa mafunzo ya wiki tano ya usindikaji wa samaki, na siku za Jumamosi na Jumapili nitakuwa huru. Chakula cha bweni hakinisumbui. Ninachotamani ni kula katika migahawa midogo ya samaki ambayo wenyeji wenyewe huiendea, ile yenye viti sita au vinane mbele ya mpishi, kwa sababu siamini kwamba mtu anaweza kusema amejifunza jinsi taifa fulani linavyomtunza samaki ikiwa hajamwona samaki huyo akifika kwenye sahani.

Kinachonitia wasiwasi ni samaki mbichi. Mama yangu anauza dagaa Mwaloni tangu sijazaliwa, na katika nyumba yetu samaki ambaye hajaiva hurudishwa jikoni bila mjadala. Hata sato wa kuchoma, kabla ya kunawa mikono, mtu humfunua kwanza kwenye uti wa mgongo aone kama bado kuna wekundu wa damu. Leo nitakaaje mbele ya mpishi mzee, aniwekee kipande cha samaki kinachong'aa kama kilivyotoka majini, nami nikile kwa amani? Na nikikataa, je, nitakuwa nimemvunjia heshima?

Vilevile mimi ni Mwislamu, na nimesikia kwamba pombe hutiwa hata katika vyakula ambavyo mtu hawezi kuvidhania. Naomba walioishi huko au waliopita huko wanieleze kwa kirefu, kwa sababu maelezo mafupi ya kwamba "utazoea tu" nimeshayapata ya kutosha.

Mkazi wa Zamani wa Otsu

Dada, karibu sana katika safari hiyo. Nilisoma Japani na kuishi miaka miwili mjini Otsu, ukingoni mwa Ziwa Biwa, na kwa kuwa nilikulia Igombe niliyapita maswali yako yote, moja baada ya jingine.

Nianze na hilo la kukataa. Hutamkosea mtu ukiagiza samaki aliyepikwa. Watu wa nje hudhani kwamba Wajapani hula samaki mbichi mchana na usiku, lakini mgahawa wa kawaida wa mchana hutoa mlo kamili kwenye sinia unaoitwa teishoku: wali, supu ya miso (rojo la soya iliyochachushwa), kachumbari kidogo, na samaki aliyechomwa au kuchemshwa. Neno la kulishika ni shioyaki, maana yake samaki aliyepakwa chumvi akachomwa. Utaletewa kibua mzima, ngozi imetutumka na kupasuka kwa moto, pembeni pamewekwa figili iliyokwaruzwa ikiwa bado inatiririsha maji, nawe unaichanganya na nyama ya samaki ili kupunguza mafuta. Mara ya kwanza nilipokula mlo huo nilimfunua yule samaki kwenye uti wa mgongo kama unavyosema wewe, na alikuwa ameiva hadi mfupani.

Ukitaka kujua samaki wa pale pale, uliza "jimoto no sakana", yaani samaki wa hapa kwetu. Ni swali linalowafurahisha wapishi. Pale Yokohama uko katika mkoa wa Kanagawa, na kwa treni unafika Enoshima kabla saa moja haijaisha. Huko chakula cha wenyeji ni shirasu, vidagaa vyeupe vidogo kuliko hata dagaa wetu, ambavyo humwagwa juu ya bakuli la wali. Vipo vibichi, na vipo vilivyochemshwa ambavyo huitwa kamaage. Kuanzia Januari hadi tarehe 10 Machi uvuvi wake hufungwa, lakini Mei vinapatikana, isipokuwa siku ambayo mashua hazikutoka kwa sababu ya upepo, na siku hiyo utakuta tangazo mlangoni kwamba vibichi havipo. Mgahawa unaotangaza hivyo ni wa kuaminika, kwa sababu huuza kilichovuliwa na si kilicholala.

Ukipata mwisho wa juma wenye nafasi, panda treni ya kasi kutoka Shin-Yokohama hadi Kyoto, mwendo wa saa mbili hivi, kisha dakika kumi nyingine ufike Otsu. Biwa ndilo ziwa kubwa kuliko yote nchini humo, ingawa kilomita zake za mraba 670 ni kidogo sana mbele ya ziwa letu lenye takriban 68,800. Huko utakutana na funazushi. Samaki jike wa jamii ya funa, samaki wa maji baridi wa huko, mwenye mayai tumboni, hukaushwa kwa chumvi miezi kadhaa, halafu hupangwa katika pipa kwa matabaka ya wali uliopikwa, hukandamizwa kwa mawe, na kuachwa achachuke hadi mwaka na zaidi. Hii ndiyo sushi ya kale, kabla ya hii ya siku hizi haijakuwapo. Niliyopewa ilikuwa imekatwa vipande vyembamba kama karatasi, mayai ya rangi ya chungwa yamejipanga katikati, na harufu yake ilinirudisha moja kwa moja kwenye kibuyu cha maziwa mgando cha bibi yangu. Mifupa ilikuwa imelainika kiasi kwamba sikutema chochote. Mzee wa mgahawa alinitazama nikitafuna, na nilipomwomba kipande cha pili alikwenda nyuma akaniletea kichwa, akakimiminia chai ya moto katika bakuli.

Bei yake ni kubwa, na sababu yake itakugusa. Funa wamepungua sana, na miongoni mwa waliochangia ni samaki wageni walioingizwa ziwani, wakiwamo bluegill ambao asili yao ni Marekani, wanaokula mayai na vifaranga vya samaki wenyeji. Sisi tuliowaona furu wakipotea baada ya sangara kupandikizwa hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Mstaafu wa Bukoba

Binti yangu, marahaba. Nilifanya kazi ya ukaguzi wa ubora wa samaki kwa miaka mingi, kwa hiyo nitasema juu ya samaki mbichi peke yake.

Hofu ya mama yako ina msingi, ila haimhusu kila samaki kwa namna ile ile. Katika samaki wa baharini, mnyoo unaosumbua zaidi ni Anisakis, ambao huwa hai ndani ya vibua, ngisi na wengineo. Mtu akiumeza mzima hupata maumivu makali ya tumbo baada ya saa chache, na mara nyingi daktari huutoa kwa kuingiza kamera tumboni. Mnyoo huu hufa kwa kupikwa, au kwa kugandishwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 na zaidi. Usidanganywe kwamba siki, chumvi au wasabi, kile kiungo chao kikali cha kijani, huua, haviui. Wapishi wazuri huuona kwa macho na kuuondoa kwa kisu, na ndiyo maana utawaona wakiinua mnofu kwenye mwanga kama mnavyofanya nyinyi kwenye meza ya taa kiwandani.

Kama utaonja mbichi, anza na jodari. Wengi wanaovuliwa bahari kuu hugandishwa melini kwa nyuzi kama 60 chini ya sifuri, baridi ambayo viwanda vyetu vinavyohifadhi minofu kwa nyuzi 18 chini ya sifuri havijaizoea. Samaki aina ya salmoni nao, Wajapani hawakuwa na desturi ya kumla mbichi kwa kuogopa minyoo, mpaka Wanorwe walipowapelekea wa kufugwa katika miaka ya 1980. Mkunga wa kule, unagi, ni nadra kumkuta akiliwa mbichi, kwa kuwa damu yake ina sumu inayoharibiwa na moto. Na bunju, ambaye watu wa pwani yetu wanajua kwamba anaua, huko hutengenezwa na wapishi wenye kibali maalumu tu. Ukimtaka, usimle popote pasipo na kibali hicho.

Nakuomba jambo moja kwa msisitizo. Ukirudi nyumbani usije ukamkata sato wa Igombe au kambare ukamla mbichi kwa kuwa umezoea sashimi, yaani vile vipande vya samaki mbichi. Samaki wa maji baridi wana minyoo yao, na maji ya kando ya mji wetu yana uchafu ambao wewe mwenyewe unaujua. Utaratibu unaomfanya samaki mbichi aliwe kwa usalama kule huanzia kwenye mashua, si kwenye sahani.

Mama Nyegezi

Mwanangu, nimekwenda Osaka na Kobe mara tatu kwa biashara ya vipuri, na mimi ni Mwislamu kama wewe. Ni kweli kwamba pombe inaingia sana mapishini. Mirin, ambayo huipa sosi utamu na mng'ao, ni aina ya pombe, na sake, pombe ya mchele, hutiwa katika samaki wa kuchemshwa. Baadhi ya sosi za soya na miso pia huongezwa alkoholi ili zisiharibike. Kwa hiyo mimi husema mapema, "mirin to sake nashi", bila mirin wala sake, na kama mpishi anasema haiwezekani, hushukuru na kutoka, na hakuna aliyewahi kuninunia. Shioyaki huuliza pia, kwa kuwa wengine humnyunyizia samaki sake kabla ya kumchoma. Ukifika Kobe upo msikiti uliojengwa mwaka 1935, wa kwanza nchini humo, na mitaa ya karibu ina chakula cha halali.

Nikueleze lililonipata, ili lisikukute. Usiku mmoja niliingia izakaya, ambayo ni nyumba ya vinywaji na vyakula vidogo vidogo, kwa sababu dirishani niliona pweza mzuri. Nilipokaa tu niliwekewa kibakuli cha mwani ambacho sikukiagiza, na kwenye bili nikakuta nimetozwa yeni 400 kwa ajili yake. Nililalamika kwa sauti, nikidhani nimeibiwa kwa sababu ya ugeni wangu, hadi mteja wa jirani aliponieleza kwa upole kwamba hiyo huitwa otoshi na kila anayeketi huilipa. Niliona haya sana. Sehemu ya namna hiyo, kwa mwanamke Mwislamu aliye peke yake, mimi singeipendekeza. Migahawa ya mchana inatosha, ambayo mingi hufungua saa tano na nusu na kufunga saa nane.

Beba fedha taslimu, kwa kuwa migahawa mingi midogo haipokei kadi. Usiache bakshishi, watakukimbilia nje kukurudishia. Vijiti usivisimamishe ndani ya wali, wala usipokezane chakula na mwenzako kijiti kwa kijiti, maana hayo hufanywa msibani. Ukitoka, mwambie mpishi "gochisosama deshita", yaani asante kwa chakula, na utaona uso wake.

Binti wa Mwaloni, Mwanza

Shikamoo mama, shikamoo mzee, na wewe kaka nakushukuru mno. Nimeyanakili yote kwenye daftari. Nitaanza na kibua wa shioyaki na shirasu waliochemshwa, na wiki ya tatu, nikiwa nimezoea, nitaonja jodari. Otsu nitakwenda hata kama ni kwa siku moja.

Nimemsomea mama habari za vidagaa vya Enoshima, naye anataka kujua kama huko wanao pia dagaa wakavu, na kama huwaanika juu ya chanja au mchangani.

Mkazi wa Zamani wa Otsu

Mpe mama salamu zangu, na umwambie wanao. Huitwa niboshi, na jina lenyewe lina maana ya kilichochemshwa kikaanikwa. Wengi ni wa jamii ya dagaa mchele wa pwani yetu. Huchemshwa kwanza katika maji ya chumvi wakiwa bado wabichi kabisa, kisha huanikwa kwenye chanja au hukaushwa kwa mashine, kamwe si mchangani. Nyumbani watu huwatoa kichwa na utumbo ili mchuzi usiwe mchungu, huwaloweka usiku kucha, na asubuhi maji yale ndiyo yanayopikiwa supu ya miso. Kwa hiyo ile supu utakayoletewa kwenye sinia siku ya kwanza, kabla hujagusa samaki, huenda imepikwa kwa dagaa.