Mtoto anakohoa na kutaka kutapika akila: ni kawaida au anapaliwa?

Mama Kijacho: Shikamooni wakubwa. Mwanangu katimiza miezi 6, nimemwanzishia viazi vitamu vya kuponda. Kijiko kikiingia tu anatoa ulimi, uso unakuwa mwekundu, anakohoa kama atatapika. Mama mkwe anasema nirudie uji mwepesi. Naogopa sana.

Nesi wa Zahanati: Marahaba mwanangu. Anayekohoa na kulia anapitisha hewa. Umri huo koo lake hushtuka upesi, chakula kikigusa tu ulimi kinarudishwa mbele. Mwache akitoe mwenyewe. Usimtie kidole mdomoni, utakisukuma ndani zaidi.

Wa kuogopwa ni yule aliyenyamaza: mdomo wazi, sauti hakuna, kikohozi hakitoki, midomo inageuka rangi. Huyo mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kifua, mpige mgongoni kati ya mabega mara 5. Bado? Mgeuze, bonyeza katikati ya kifua kwa kitako cha kiganja kimoja mara 5. Rudia, huku mwingine akiita msaada. Akizimia, anza kumhuisha palepale, yaani kumbonyeza kifua na kumpulizia pumzi.

Baba Mapacha: Na karanga jamani! Wageni huwapa watoto bila kuuliza. Kwetu ni marufuku, na bisi pia.

Mama Kijacho: Asanteni. Huwa namlisha akiwa ameegemea mapajani.

Nesi wa Zahanati: Mkalishe wima, mama. Viazi endelea navyo.