Wauza riwaya za upelelezi Mtwara, mnatuuzia vitabu visivyo na kurasa!

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi. Tumenyamaza vya kutosha. Hawa wanaotandaza vitabu chini sokoni na kuzunguka navyo stendi, kuanzia Mtwara mjini hadi Masasi, wanatuibia wasomaji wa sekondari mchana kweupe.

Tunazitafuta sana riwaya za zamani: zile za mpelelezi Willy Gamba wa Elvis Musiba, na za Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Nakala halisi ni adimu, basi tunauziwa fotokopi yenye jalada la rangi. Bei ndogo, sawa. Kurasa ziko wapi?

Inavyotokea ni hivi. Mpiga kopi anakilaza kitabu kwenye kioo na kupiga kurasa mbili kwa pamoja. Akifunua karatasi mbili badala ya moja, baada ya ukurasa wa 87 unakuta 90. Kisha ile kopi inarudishwa kwenye mashine kutoa nyingine, mbele na nyuma. Mashine ikivuta karatasi mbili kwa mpigo, zimepotea kurasa nne: 87, halafu 92. Kila ikirudufiwa inazidi kupungua. Na kitabu kisipokandamizwa vizuri, maneno ya karibu na mgongo yanamezwa na kivuli cheusi, unabaki kukisia silabi.

Hadithi ya mapenzi ukiruka kurasa mbili unaweza kuendelea. Ya upelelezi huwezi! Mtunzi anaficha ushahidi kwenye sentensi ya kupita tu. Tuseme ukurasa wa 40 mgeni anawasha kiberiti kwa mkono wa kushoto, hakuna anayeshtuka. Ukurasa wa 180 mpelelezi anaonyesha kwamba aliyechoma kisu ni mtu wa shoto. Kama wa 40 haupo, mwisho unaonekana umedondoka tu, na lawama anabebeshwa mtunzi. Mtunzi ambaye hapo hajapata hata senti, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, inayolinda kazi za watunzi, ipo tangu 1999.

Vya mtumba navyo vina mambo yake. Hewa ya pwani inazishikisha pini kutu, kutu inakula karatasi, na za mwanzo na za mwisho ndizo zinazong'oka kwanza. Za mwisho ndizo zenye jina la muuaji. Vilivyobanwa kwa gundi vikishinda juani, gundi inalegea, kurasa zinachomoka kwa mafungu, muuzaji anabandika jalada na kukirudisha kwenye turubai.

Wenzangu, kabla ya kutoa hela anzeni nyuma: ukurasa wa mwisho unaishia na nukta au katikati ya sentensi? Kisha pitisheni kidole gumba pembeni, msome namba zote, hasa sura zinapobadilika. Someni mistari mitatu karibu na mgongo, katikati ya kitabu. Muuzaji akisema "usifunue, utakichafua", kiacheni hapohapo.

Nanyi wauzaji, kama kurasa zina pengo semeni, tena mpunguze bei. Mnaujua ubovu wake, ndiyo maana vitabu vingine mnavifunga kwa nailoni.

Mwenye kujua duka la nakala halisi Mtwara, Lindi au Nachingwea aweke hapa, pamoja na bei. Wanaotuma kwa basi kutoka Dar nao waje, ila kwanza watupigie picha ukurasa wa mwisho.