Vyombo vya mita 5000 chini ya bahari vinatolewaje?

mlevi_wa_maji: Wakuu salama? Kuna mradi unaitwa RAPID huko Atlantiki nyuzi 26 kaskazini, tangu 2004 wamefunga vyombo kwenye waya mirefu kati ya Bahamas na pwani ya Afrika wanapima mkondo. Mingine inaanzia mita 5000 na juu hakuna hata boya. Sasa wanaitoaje, na kwanini wasiweke boya juu wakarahisisha?

deki_ya_nyuma: Boya likikaa usoni mawimbi yanalichezea usiku na mchana mpaka waya unakatika, na meli zinaligonga, ndo maana linafichwa chini. Juu tu ya nanga kuna rilizi (kifaa chenye ndoano inayofunguka kwa amri ya sauti), kawaida mbili sambamba, moja ikigoma nyingine inafungua. Meli inasimama, mnashusha kifaa cha sauti majini mnaiita kwa namba yake (code), ikijibu muda wa jibu unakupa umbali maana sauti majini inakimbia kama mita 1500 kwa sekunde. Ukituma amri ya kufungua ndoano inaachia, nanga inabaki hukohuko (mara nyingi ni magurudumu chakavu ya treni au minyororo mizee), maboya ya kioo yanapandisha vilivyobaki. Ya juu yanaibuka mapema ila ya chini kabisa unaweza kusubiri hata saa nzima, na hapo waya umeshajisokota vibaya. Usifungue jioni! Boya la njano gizani na mawimbi yale hulioni ng'o.

mlevi_wa_maji: Na rilizi ikikaa kimya je?

deki_ya_nyuma: Unahamisha meli unaita tena. Ikishindikana kabisa mnazungusha waya mrefu wenye makucha kuizunguka mkijaribu kuinasa, ndo utajua umuhimu wa kujua nanga ilipo. Wakati wa kushusha boya linatangulia, kila kitu kinaburutwa nyuma ya meli taratibu, nanga ndo ya mwisho, na ikizama inarudi nyuma kuelekea waya, haitui pale ulipoiachia. Kwahiyo kabla ya kuondoka mnapima umbali kutoka sehemu 3 tofauti.

bi_winchi: Naongezea, yale maboya ya kioo yana upana wa sentimita 43 hivi ndani ya kofia ya plastiki. Ukiona moja limeingia maji usilikumbatie, presha kubwa ya kule kilindini inaweza kuwa imejifungia ndani na likapasuka hapo hapo deki. Vaa miwani, wasogeze watu, mengine baadae.