Datsun 240Z na baridi ya Minnesota: banda la nyumbani, chumba cha kukodi au ghala la shambani?

Zedi_ya_Baba (Minneapolis)

Wandugu, hamjambo? Nina Datsun 240Z ya 1972, rangi ya chungwa, niliyoinunua miaka minne iliyopita kwa sababu moja tu. Pasaka ya 1973 baba yangu, kijana bado, alisimama kando ya barabara ya vumbi akaona 240Z ya dereva Shekhar Mehta na msaidizi wake Lofty Drews ikipita mashindanoni. Safari Rally ya mwaka ule Mehta alilingana pointi na dereva mwingine, Harry Källström, akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kukatwa pointi. Hadithi hiyo nimeisikia tangu sijaanza shule.

Sasa majani yameshapukutika, na wakati wowote malori yataanza kumwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Anayezijua bodi za Datsun za miaka ile anajua zinavyoipenda kutu. Gari litalala hadi mvua za Aprili zioshe lami. Nina njia tatu:

Banda la nyumbani: limeshikana na nyumba, halina hita, lakini gari letu la kila siku linaingia humo humo na theluji yake.

Chumba cha kukodi chenye joto: dola 140 kwa mwezi, na kuingia ni kwa miadi.

Ghala la rafiki shambani: bure, kavu juu, sakafu ya udongo.

Mngekuwa ninyi mngechagua lipi?

FundiKariakoo (Toronto)

Dada, hongera kwa gari na kwa hadithi.

Nianze na jambo ambalo watu wetu wengi hulielewa kinyume wakifika huku. Baridi yenyewe haili bati. Adui ni unyevu, na unyevu ukiwa na chumvi na joto kidogo kutu inakwenda mbio. Hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri haibebi maji mengi, kwa hiyo gari safi lililokaa kwenye baridi kavu hulala salama. Hatari ni pale baridi na joto vinapopokezana: chuma bado cha baridi, hewa yenye unyevu inaingia, gari zima linatoka jasho, hata ndani ya milango ambako hufiki na kitambaa.

Kwa hiyo katika hizo tatu, mbaya zaidi ni banda lako la nyumbani kama lilivyo sasa. Gari la kila siku linaingia na injini ya moto na theluji yenye chumvi kwenye matao ya magurudumu. Theluji inayeyuka, maji ya chumvi yanatandaa sakafuni, mvuke unapanda hadi chini ya Datsun. Usiku linaganda, kesho yake tena, miezi mitano.

Uwezo ukiruhusu, kodi chumba. Ila uliza kama wanapima unyevu. Joto bila kukausha hewa si la kulipia.

Mzee_wa_Volvo (Göteborg)

Mimi nakaa Uswidi tangu 1988 na Volvo Amazon yangu haijawahi kulala nje ya nyumba yangu. Gari unalolipenda unaliweka karibu. Kila Jumapili naliwasha dakika kumi, oili inazunguka, betri inapata chaji, nafunga. Ukilipeleka kwa watu wa miadi, nani ataliwasha? Mimi nasema nyumbani.

FundiKariakoo

Shikamoo mzee wangu. Kuliweka karibu nakubaliana nawe, lakini dakika kumi hizo naomba nizipinge, kwa heshima.

Petroli ikiungua hutoa maji. Gari likiwa limepata moto barabarani, maji hayo yanatoka kama mvuke. Likiwashwa dakika kumi bandani, bomba la moshi halijapata moto wa kutosha, mvuke unageuka maji humo ndani na mengine yanaingia kwenye oili. Wakati huo choki imevutwa, petroli ya ziada inaosha kuta za silinda. Na betri haijarudishiwa hata ilichotoa kuwasha.

Ama uliendeshe nusu saa na zaidi kwenye barabara kavu isiyo na chumvi, ama uliache lilale. Minnesota barabara hiyo haipatikani Januari.

Mzee_wa_Volvo

Marahaba. Hilo la maji kwenye bomba nalikubali, maana mabomba nimebadilisha mara nyingi kuliko nilivyodhani ni kawaida. Nitalifikiri.

Mama504 (Saint Paul)

Zedi, mimi ni jirani yako. Nina Peugeot 504, na majira yangu ya kwanza ya baridi niliiweka kwenye ghala la shambani la watu, bure kama lako. Naomba usiende huko. Aprili nilipofungua boneti nilikuta kiota cha panya juu ya kichujio cha hewa, na nyaya za taa zimetafunwa hadi shaba. Kiti cha nyuma walichimba wakazalia. Nililia. Kiti hicho nilikuwa nimekitafuta mwaka mzima.

Tena sakafu ya udongo inapumua unyevu kutoka chini. Kama huna budi, tandika nailoni nzito sakafu nzima, ziba mdomo wa bomba la moshi na njia ya hewa ya injini kwa waya laini wa kusugulia sufuria, weka mitego kuzunguka gari, na funga kitambaa chekundu kwenye usukani ili usisahau kuzibua.

Na petroli: usijaze ya kawaida. Ina ethanoli, yaani pombe inayochanganywa humo, na ethanoli inavuta maji. Yakizidi hujitenga na kushuka chini ya tangi, na tangi lako ni la bati. Minnesota inaruhusu petroli isiyo na ethanoli kwa magari ya kale. Jaza tangi hadi juu ili hewa isibaki, tia dawa ya kutunza petroli, kisha endesha robo saa ifike kwenye kabureta zote mbili.

BahariYaMuscat

Huku kwetu gari hulala majira ya joto, nyuzi 45, na kinachokufa kwanza ni betri na mipira. Nakubaliana na fundi kuhusu unyevu: pwani yetu hii imeoza magari mengi ya jangwani. Kifuniko kiwe cha kitambaa kinachopumua. Turubai la plastiki linafungia jasho ndani, na ghubari iliyokaa chini yake inakwangua rangi.

Zedi_ya_Baba

Ahsanteni sana. Mama504, pole kwa kiti, umeniondoa ghalani. Fundi, mawili bado yananisumbua: niinue gari juu ya stendi kuokoa matairi? Na betri nitoe au niiachie chaja?

FundiKariakoo

Usiinue kwa bodi. Magurudumu yakining'inia, bushi za mpira kwenye maungio ya magurudumu zinakaa zimejipinda miezi yote. Acha gari lisimame kwa miguu yake, jaza upepo zaidi ya kawaida, kama psi 40 (kipimo cha upepo wa tairi), usivuke kikomo kilichoandikwa kwenye tairi. Baridi yenyewe itapunguza, karibu psi moja kwa kila nyuzi tano na nusu zinazoshuka.

Betri toa. Iliyojaa haigandi kwa baridi yenu, iliyoisha inaganda hata nyuzi chache chini ya sifuri na kupasuka. Lakini kwa 240Z kuna sababu kubwa zaidi: kile kitako cha betri ni moja ya sehemu zinazooza kwanza, maana asidi hudondokea hapo. Osha kwa soda ya kuokea na maji, kausha, paka rangi. Betri ipeleke ndani, uichaji kila mwezi.

Breki ya mkono usivute, breki za nyuma za ngoma hukwama. Tia gia, weka vigingi. Oili badilisha sasa, usingoje Aprili. Ile chafu ina asidi. Pima maji ya rejeta: nusu dawa ya kuzuia kuganda, nusu maji, inakufikisha nyuzi 37 chini ya sifuri.

Zedi_ya_Baba

Nimeongea na mume wangu. Gari letu la kila siku litalala nje majira haya ya baridi, amekubali mwenyewe. Datsun itabaki nyumbani, banda likiwa lake peke yake: nailoni chini, kipima unyevu ukutani, mitego pembeni. Zile dola 140 za kila mwezi zitakwenda kwenye bati jipya la sakafu upande wa dereva.

Jumamosi utabiri unasema jua. Nitaiosha hadi chini ya bodi, nijaze ile petroli, niizungushe kando ya Mto Mississippi mpaka ikauke vizuri. Baba atakuwa kwenye simu ya video kutoka Nakuru. Ameomba aisikie injini kabla sijaizima.

Mama504

Pitia Saint Paul, nitakuazima mitego.