Wagombea, tajeni kodi mtakazopandisha kabla hatujapiga kura. Tumechoka kushtukizwa kila Juni

Wakuu, niende moja kwa moja. Mgombea anayekusudia kupandisha kodi au kuanzisha tozo mpya akishapata, halafu akazunguka majukwaani msimu mzima wa kampeni bila kuitaja, huyo anatuibia kura. Sina neno laini la kuweka hapo.

Kabla hamjaniita mpinga maendeleo, nisomeni hadi mwisho. Nafanya biashara ya dagaa hapa Mwanza. Nalipa ushuru, nalipa leseni, nalipa kodi ya makadirio. Na kazi ya kodi naiona kwa macho. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari la mzigo linalotoka Sengerema halilali tena kwenye foleni ya kivuko. Hizo ni kodi zetu na nafurahi zimefanya kazi. Kwa hiyo sidai tusitozwe. Nadai tuambiwe tukiwa bado na kura mkononi.

Tukumbushane ya 2020. Tulipiga kura 28 Oktoba. Katika mikutano niliyosimama juani kusikiliza niliahidiwa lami, maji, zahanati, meli, madarasa, umeme hadi kitongoji cha mwisho. Sikumsikia hata mmoja, awe wa udiwani au wa ubunge, akisema kwamba hela ya kufanya hayo itachukuliwa kwenye simu yangu ninapomtumia mtu pesa. Tarehe 10 Juni 2021, miezi saba na ushee baadaye, bajeti ikasomwa. Tarehe 15 Julai tozo za miamala zikaanza kukata, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi. Ukituma unakatwa. Aliyetumiwa akienda kutoa naye anakatwa.

Wasiofanya biashara ya ziwa huenda wasielewe ile iliuma kiasi gani. Sisi wanunuzi wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba hatukai visiwani. Una mtu wako Ukerewe au Kome, yeye ndiye anayenunua kwa wavuvi, anaanika, anafunga magunia na kupakia kwenye boti. Wewe unamtumia hela kila mzigo unapopatikana. Hela yote ya biashara inapita kwenye simu, inaenda na kurudi. Kwa hiyo tozo haikuwa kodi ya faida. Ilikata mtaji wenyewe kila ulipozunguka, hata wiki ambayo mvua imeharibu dagaa kwenye chanja na umeuza kwa hasara.

Wiki zile za mwanzo nilikuwa kwenye kibanda cha wakala nje ya Mwaloni. Mama mmoja mnunuzi mwenzetu alishika simu akawa anasoma meseji kwa sauti: ada ya kampuni, halafu chini yake tozo ya Serikali. Akamuuliza yule kijana wa wakala, "Hii ya pili ni ya nini?" Kijana akajibu, "Mama, hiyo si yangu, ni ya Serikali." Mama akasema, "Nani aliniambia?" Kijana akainamisha kichwa akaendelea kuhesabu noti, maana angejibu nini? Ule mwezi nikaona watu wazima wanarudi kwenye mambo ya kizamani: pesa taslimu kwenye bahasha, bahasha inaviringishwa kwenye nailoni isilowe, anapewa nahodha wa boti aipeleke kisiwani. Miaka tuliyotumia kujenga mazoea ya kutuma kwa simu, tukarudi kufunga hela kwenye nailoni.

Kelele zikapigwa nchi nzima. Septemba ile ile tozo zikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka uliofuata zikapunguzwa tena, na mwaka wa fedha 2023/24 tozo ya kutuma ikafutwa, ikabaki ya kutoa. Naipongeza Serikali kwa kusikia. Lakini angalieni maana yake: tozo ya kutuma ambayo haikudumu hata miaka miwili mbele ya wananchi ingejadiliwa kwenye kampeni tungeirekebisha pale pale, kabla haijamgusa mtu. Tulifanya mjadala wa kampeni baada ya uchaguzi, kwa gharama yetu.

Najua jibu lililo tayari: aliyeomba kura 2020, Rais Magufuli, alifariki Machi 2021, nchi ikapata Rais mwingine. Mungu amrehemu. Ila ilani ilibaki ile ile, chama kile kile, na wabunge waliopitisha tozo ni wale wale waliokuja kutushika mikono Oktoba.

Wala haikuishia kwenye simu. Mwaka ule ule wa 2021 kodi ya majengo ikahamishiwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mimi ni mpangaji, Igoma. Jengo si langu. Lakini ninunue umeme wa 5,000, kabla sijapata yuniti nimekatwa VAT, nimekatwa REA ya umeme vijijini, nimekatwa EWURA ya mdhibiti wa nishati, na mara moja kwa mwezi nimelipa na jengo la mtu. Ukimwambia mwenye nyumba arudishe anakuuliza kama umechoka kukaa. Mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Bajeti hiyo hiyo ya 2023 ikaongeza shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta, juu ya 100 nyingine iliyoongezwa 2021 kwa ajili ya barabara, na shilingi 1,000 kwa kila mfuko wa saruji wa kilo 50. Injini za mitumbwi zinakula petroli. Boti inakula petroli. Gari la kupeleka mzigo Dar linakula dizeli. Kila mmoja anapandisha bei kidogo, na mwisho wa safari kipimo cha dagaa kinamfikia mama wa Buzuruga kikiwa kimepanda, naye hajui ampigie nani kelele.

Ya uchaguzi wa Oktoba 2025 yana nyuzi zake, sitaki kuyaingiza hapa uzi ukafungwa. Nazungumzia tabia ya vyama vyote na ngazi zote.

Sasa kwa nini nang'ang'ania kampeni? Kwa sababu baada ya hapo mlango umefungwa, na nitawaonyesha ulipofungiwa. Ibara ya 138 ya Katiba inasema kodi haitozwi ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Vizuri. Lakini Ibara ya 99 inasema muswada wa kutoza kodi au kuibadilisha kwa namna yoyote isipokuwa kuipunguza hauwezi kushughulikiwa bungeni mpaka Rais apendekeze kupitia kwa Waziri. Yaani kupandisha kunaanzia juu. Halafu Ibara ya 90: Bunge likikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja. Na kura ya bajeti hupigwa kwa kuitwa jina mmoja mmoja, ukumbi mzima unasikia. Niambieni, ni mbunge gani wa mwaka wa kwanza, aliyeuza shamba kugharamia kampeni, atasimama pale aseme hapana kwa sababu wauza dagaa wa Mwanza wataumia, huku anajua "hapana" zikizidi anaweza kurudi nyumbani kuomba kura upya? Ndiyo maana kila mwaka wanalalamika wiki nzima kwenye mchango, siku ya kura wanasema ndiyo.

Kwa hiyo Juni ni kuchelewa. Mahali pekee ambapo mtu wa kawaida ana nguvu juu ya kodi yake ni pale jukwaani, mgombea akiwa bado anamhitaji. Na hapo hapo ndipo wote wanakaa kimya. Hapa Mwaloni hakuna anayekubali gunia lipakiwe kwenye gari bei haijatajwa. Mkibishana mtabishana, lakini bei inasemwa kwanza. Kwa nini nchi iuzwe kwa utaratibu mbovu kuliko gunia la dagaa?

Udiwani ndiyo unaonitia hasira kabisa, kwa sababu kule hakuna hata kisingizio cha Hazina. Ushuru wa soko unapangwa na sheria ndogo za halmashauri, na madiwani ndio wanaozipitisha kabla hazijaenda kwa Waziri. Kwenye kata yetu mgombea mmoja alikuja sokoni jioni, akapanda juu ya meza ya muuza nyanya, akatuambia ushuru wa meza utabaki pale pale, "mimi ni mtoto wa soko hili." Akashangiliwa. Akapita. Haikupita muda ushuru ukapanda, na kikao kilichopandisha alikaa na mkono akanyoosha. Tulipomfuata alisema ni maelekezo kutoka juu na mapato yalikuwa yameshuka. Basi sema hivyo jukwaani! Sema, "Mapato ya soko hili hayatoshi kuzoa taka na kujenga choo, nikipata nitapandisha ushuru, na choo kitajengwa kufikia mwezi fulani." Mimi mwenyewe ningempa kura, maana choo cha lile soko ni aibu na akina mama wanakaa pale tangu alfajiri hadi usiku.

Hapa mtaniambia mgombea mkweli hashindi. Nimeambiwa hivyo kijiweni mara nyingi, na wenye kusoma hunitajia Walter Mondale, aliyegombea urais wa Marekani: mwaka 1984 alisema wazi kwamba kodi zitapanda, akisema na mpinzani wake, Rais Reagan, atazipandisha ila hasemi, akaishia kushinda jimbo moja tu na mji mkuu. Sawa. Lakini malizieni hadithi. George H. W. Bush mwaka 1988 aliahidi hakuna kodi mpya, akashinda. 1990 akakubali kuzipandisha, 1992 wakamtoa. Anayedanganya naye analipa. Tofauti ni kwamba yule wa kwanza alilipa peke yake, huyu wa pili alilipa baada ya wananchi kutangulia kulipa.

Na hatuna haja ya kwenda Marekani, tuvuke ziwa tu. Majirani zetu wa Kenya walipiga kura Agosti 2022 kwa kampeni ya kumwinua mtu wa chini, hasla. Mwaka 2023 VAT ya mafuta ikapanda kutoka asilimia 8 hadi 16 na makato ya nyumba asilimia 1.5 yakaja kwenye mishahara. Muswada wa fedha wa 2024 ulipofika, vijana walijaa barabarani, tarehe 25 Juni wakaingia bungeni, watu wakafa kwa risasi, na kesho yake Rais akatangaza hasaini. Wafanyabiashara tunaoshirikiana nao Kisumu walifunga maduka siku zile. Kuna wazazi kule wamezika watoto kwa sababu ya kodi ambazo mahali pake pa kubishaniwa palikuwa kwenye kampeni, kwa maneno.

Uganda nao, uchaguzi Januari 2021, Julai ushuru wa asilimia 12 kwenye data ya intaneti. Ukiangalia kalenda za nchi zote tatu zinazozunguka ziwa hili utaona mtindo ni ule ule.

Kuna hoja nyingine ninayoiheshimu zaidi: kwamba mgombea hawezi kujua hali ya Hazina mpaka aingie. Kwa mgombea wa upinzani, nusu nakubali. Kwa mgombea wa chama kilichoko madarakani, hapana kabisa, vitabu anavyo, mawaziri ni wake. Na hata huyo wa upinzani anaweza kusema, "Ahadi zangu zitagharimu takriban hivi, na zikipungukiwa nitaanza na kodi hii, hii sitaigusa." Inawezekana. Uholanzi wana taasisi ya Serikali iitwayo CPB ambayo tangu 1986 inapokea ilani za vyama na kuzipigia hesabu kabla ya uchaguzi: ahadi hizi zitagharimu nini, nani ataumia, nani atapata. Chama kinapeleka chenyewe kwa hiari. Sisi tuna Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inayomtaka mgombea aeleze pesa anayotumia kutafuta kura. Pesa atakayotumia akishazipata, ambayo ni yetu, hakuna anayemuuliza.

Nasi tumuulize. Mkutano ukifika mtaani kwako, ukipewa kipaza sauti usiombe lami. Lami atakuahidi hata usipoomba. Muulize hiyo lami italipwa na kodi ipi, kwa kiwango gani, kuanzia mwezi gani, na kama mimi mpangaji ni miongoni mwa watakaokatwa. Akijibu "tutaziba mianya", muulize mianya ipi, kwa sababu hilo jibu limetumika tangu nikiwa shule. Akikasirika, watu wameona.

Naomba na nyie wa Bukoba, Musoma, Geita, Ukerewe mfanye kitu kimoja kwenye uzi huu. Wekeni hapa mgombea wenu wa udiwani au ubunge alisema nini kuhusu ushuru na tozo wakati wa kampeni, hata bila jina lake, na kilichofuata baada ya kuapishwa. Mwenye sauti iliyorekodiwa aihifadhi, asifute kwa sababu simu imejaa. Kampeni ijayo tutakuja nazo pale pale uwanjani.