Tupeane uzoefu: nani alifika ukumbi wa michezo wa Capital Centre, Landover, Maryland, kabla haujalipuliwa?

Wakuu mlioko Maryland, DC na Virginia, na nyie mliorudi nyumbani, hamjambo. Watoto wetu wakisikia Capital Centre wanadhani tunazungumzia yale maduka ya Largo. Wakongwe tunajua palikuwa na nini. Abe Pollin, mwenye timu, aliufungua ukumbi ule tarehe 2 Desemba 1973, kando ya Beltway, barabara kuu inayozunguka Washington, kwa ajili ya Bullets, timu ya kikapu aliyoihamisha kutoka Baltimore, na Capitals, timu ya hoki ya barafuni iliyoanza mwaka uliofuata. Waliingia watu kama 18,000. Paa lilibonyea katikati mfano wa tandiko la farasi, na juu ya uwanja zilining'inia skrini kubwa za video zinazorudia tukio, kitu kigeni kabisa enzi hizo. Tarehe 2 Desemba 1997, tarehe ileile, Pollin akafungua ukumbi mwingine katikati ya Washington, timu zikahamia huko. Tarehe 15 Desemba 2002 wakaulipua.

Mimi niliukuta mwisho mwisho, ushapewa jina la kampuni ya ndege, nikakaa siti za juu kabisa. Walionitangulia leteni habari. Picha ruksa.

Mwanafunzi wa Zamani: Ningeamkia wakubwa, lakini nahisi mkubwa humu ni mimi. Tarehe 30 Aprili 1976, Muhammad Ali na Jimmy Young, raundi 15. Wanafunzi tulichangishana tiketi, kisha kazi ikawa kumbembeleza mwenye gari, maana bila gari Landover hufiki. Ali alikuja mzito, kitambi kinaonekana. Young akibanwa anatoa kichwa nje ya kamba, refa anaingilia kati. Majaji wakampa Ali. Ukumbini tulishangilia kwa kuwa ni Ali, ila njiani kurudi tulibishana hadi mwenye gari akatishia kutushusha. Mimi msimamo wangu haujabadilika: Young alionewa.

Mfagizi Mstaafu: Hoki niliijua nikiwa na fagio mkononi. Sisi wa usafi tulianza kazi watu wakishatoka, sasa ile Jumamosi ya kuamkia Pasaka, 18 Aprili 1987, watu hawatoki! Capitals na New York Islanders, mchezo wa saba, anayefungwa anakwenda nyumbani. Capitals walishaongoza michezo mitatu kwa mmoja, wakakubali kufikiwa. Muda wa kawaida ukaisha 2-2. Nyongeza ya kwanza hamna kitu. Ya pili, ya tatu, makipa wote wawili wamegoma. Mwenzangu mmoja alikuwa wa kwaya, ana ibada ya alfajiri, kila nyongeza ikianza anaguna. Ya nne ndipo Pat LaFontaine wa Islanders akafunga, inakaribia saa nane usiku. Ukumbi ulinyamaza ghafla. Watu walibaki vitini, hawana nguvu ya kuinuka, na sisi na mifuko yetu ya taka tunaona aibu kuwaambia wapishe. Yule wa kwaya alikwenda kanisani moja kwa moja na sare ya kazi.

Mtu wa Bukavu: Mimi nilikwenda kwa ajili ya Georgetown, maana chuo kile kilikuwa kinachezea kikapu palepale. Dikembe Mutombo alikuwa kwao kuanzia msimu wa 1988 hadi 1991, kwa sehemu kubwa pamoja na Alonzo Mourning. Wakati ule sisi ni Wazaire bado. Wamarekani walikuwa wanahangaika na jina lake, sisi tunalitamka kwa raha zetu, kwa sauti, wageuke. Alikuwa amekuja kusomea udaktari, kikapu kikamchukua. Hospitali aliyoijenga Kinshasa, yenye jina la mama yake, ilifunguliwa 2007. Alitutoka Septemba 2024.

Dereva wa Basi: Msisahau 21 Januari 1985. Baridi ilikuwa kali hadi gwaride la kuapishwa kwa Reagan likafutwa barabarani, bendi zikaletwa Landover kupigia ndani.

Nesi wa Largo: Nawasoma hapa nikiwa mapumziko ya zamu, hospitali ya palepale mnapopazungumzia. Maduka yalikuja 2003, mengi nayo yakavunjwa, hospitali ikafunguliwa 2021. Kinachonichekesha ni treni. Ukumbi ulihamia mjini palipo na stesheni, wakauvunja huu, na Desemba 2004 stesheni ya Largo ikafunguliwa. Mimi nashukia hapo kila siku, sina gari.

Mwanafunzi wa Zamani: Nesi, ungetusaidia sana mwaka 1976.

Mleta mada: Nimeletewa ujumbe pembeni na mmoja anayeapa aliona Bullets wakichukua ubingwa wa NBA Landover 1978. Hapana, mkuu. Landover ulikuwa mchezo wa sita wa fainali, waliwachapa Seattle 117-82. Wa saba ulichezwa Seattle kwenyewe. Kama uliuona huo wa sita, hiyo pekee inatosha, njoo hapa hadharani uusimulie.